Eti Vicksburg walisusa Julai 4 miaka zaidi ya 80?

Hii stori ya Vicksburg, kamji ka jimbo la Mississippi, Marekani, inazunguka sana: kwamba kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe walisalimu amri kwa Grant, jenerali wa jeshi la Kaskazini lililopigana na majimbo ya Kusini yenye utumwa, tarehe 4 Julai 1863, baada ya kuzingirwa siku 47 raia wakijificha kwenye mapango waliyochimba vilimani, basi wakaisusa sikukuu ya uhuru wa Marekani mpaka 1945. Kuzingirwa ni kweli kabisa. Ila mji mzima kususa, hapana.

Ukisema "watu wa Vicksburg walisusa" ushawafuta weusi, na walikuwa wengi pale. Kwao siku hiyo ilikuwa ya uhuru mara mbili, wa nchi na wa kutoka utumwani, kwa hiyo vita ilipoisha tu wakawa wanasherehekea hadharani. Julai 4, 1875 walikusanyika kotini, lile jengo la nguzo na saa juu ya kilima, siku hizi makumbusho, wazungu wakawavamia. Sasa sherehe haipo inavamiwaje? Na hata hao wazungu, kususa kwao kulishalegea kitambo kabla ya 1945. Jenerali Eisenhower, aliyekuja kuwa rais, alikuja kuhutubia Julai 4, 1947, wengine wanadhani ndo mwanzo wa kuisherehekea tena.

Kilichousumbua mji kweli ni mto. 1876 mto Mississippi ulihama, gati likabaki bila mto, mpaka 1903 wahandisi wa jeshi walipoupitisha mto Yazoo mbele ya mji. Leo ukiwa barabara ya I-20 unavuka Mississippi kwa daraja la 1973, pembeni lipo la 1930, magari hayaruhusiwi tena ila treni za mizigo bado zinapita.