Kuchagua Jostiki ya Simuleta ya Ndege: Tazama Kwanza Inavyotulia Katikati

Kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya kielektroniki, na kwa kuwa mimi mwenyewe ni mpenzi wa simuleta za ndege, yaani programu za kompyuta zinazoiga urushaji, meza yangu haikosi jostiki (fimbo ya kuongozea) ya mtu iliyofunguliwa ikisubiri kusafishwa. Wanaokuja kuniomba ushauri wa kununua mpya huanza karibu wote na swali lilelile, kwamba ipi ina vitufe vingi zaidi au ipi imeandikwa tarakimu kubwa zaidi kwenye boksi. Huwa nawarudisha nyuma kidogo. Mrushaji wa simuleta, awe anapeleka Cessna Caravan kutoka Dar es Salaam hadi Zanzibar au anajaza mafuta angani akiwa na ndege ya kivita, hutumia sehemu kubwa ya muda wake akiwa ameisogeza fimbo digrii mbili tatu tu kutoka katikati. Ni ndani ya eneo hilo dogo ambamo jostiki nzuri hujitenga na mbovu, na boksi halisemi lolote kulihusu.

Kabla ya kufika huko, mtu aamue kwanza anataka kurusha nini, maana ndege halisi zenyewe hazishikwi kwa namna moja. Airbus A320, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1988, ina fimbo ndogo pembeni mwa kiti: kapteni huiongoza kwa mkono wa kushoto na rubani msaidizi kwa mkono wa kulia. A220 za Air Tanzania zina mpangilio huohuo. Kwa hiyo anayependa ndege za jamii hii na anataka kukaa kiti cha kapteni atafute fimbo isiyochongwa kwa ajili ya mkono wa kulia peke yake, Thrustmaster T.16000M na ile TCA Sidestick Airbus Edition ya kampuni hiyohiyo zote mbili zinabadilika kufuata mkono. Boeing 737 na 787, Dash 8 Q400, Caravan na Cessna 172, kwa upande wao, huongozwa kwa usukani unaovutwa, kusukumwa na kuzungushwa. Usukani kama Honeycomb Alpha huzunguka digrii 180 kwa jumla, yaani 90 kila upande, na anayejifunza urubani kwa kweli katika Cessna atafaidika nao kuliko fimbo yoyote. Hasara yake ni kwamba unameza meza nzima, na siku ukitamani kurusha ndege ya kivita au helikopta utajikuta umeshika kitu kisichofaa kabisa. Kwa mtu anayerusha kila kitu kidogo kidogo, fimbo ndiyo inayosamehe zaidi.

Ndege za kivita nazo zina tofauti zake. Fimbo ya F-16 ya mwanzo kabisa haikusogea hata kidogo. Ilipima nguvu ya mkono tu, na baadaye ikaongezewa mchezo mdogo kwa sababu marubani hawakuwa na kipimo cha wamefika wapi. Anayeipenda ndege hiyo atapendezwa na springi ngumu. Mshikio wa HOTAS Warthog, seti ya Thrustmaster yenye fimbo na mkono wa nguvu ya injini, umenakiliwa kutoka ndege ya kivita ya A-10C, kitufe kwa kitufe, na mtu anayetumia ndege hiyo katika DCS World, simuleta ya ndege za kivita, atakuta kila kidole kimeshapangiwa kazi yake. Helikopta ni habari nyingine: fimbo yake haitakiwi kurudi katikati kwa nguvu, bali ibaki pale ilipoachwa, hivyo mwenye kuelekea huko ahakikishe mapema kwamba jostiki anayoitaka inaruhusu springi kulegezwa au kuondolewa na msuguano kuongezwa.

Sasa tuingie ndani ya kifaa. Jostiki nyingi za bei nafuu hutambua mwendo wa fimbo kwa potenshiometa, yaani utepe mwembamba wa kaboni ambao ulimi wa chuma hupita juu yake ukisugua. Ukiifungua iliyotumika kwa muda mrefu utaona jambo ambalo picha za matangazo hazionyeshi: utepe umelika na kung'aa mahali pamoja tu, pale katikati, kwa kuwa ndipo ulimi ulipokuwa ukienda na kurudi siku zote, na ungaunga mweusi wa kaboni umerundikana kando ya mkwaruzo huo. Kwenye skrini hali hiyo huonekana kama ndege inayotikisa mabawa ilhali mkono umetulia tuli. Unyevu na chumvi ya hewa ya pwani huharakisha mambo, na vumbi la bara nalo halina huruma. Dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme husaidia kwa muda, lakini kaboni iliyokwisha haiwezi kurudishwa kwa kupuliziwa.

Njia iliyo bora ni kihisi cha sumaku. Edwin Hall aligundua mwaka 1879 kwamba sumaku ikielekezwa kwenye kipande cha metali kinachopitisha umeme huzalisha volti ndogo ya ubavuni, na ugunduzi huo ndio unaotumika leo katika jostiki: sumaku hugeuka pamoja na fimbo karibu na chipu ndogo, bila kimoja kugusa kingine. Kisichosugua hakiliki. Tahadhari yangu ni moja, nayo imewaponyoka watu wengi: maneno «kihisi cha sumaku» kwenye boksi mara nyingi yanahusu mihimili miwili tu, ule wa mbele na nyuma na ule wa kushoto na kulia, huku kuzungusha fimbo na kitelezi cha nguvu ya injini kukiwa kumeachiwa potenshiometa ya kawaida. Uliza mhimili kwa mhimili.

Kuhusu zile tarakimu kubwa, hesabu yake ni rahisi. Kihisi cha biti 10 hugawa mwendo wote katika hatua 1,024. Fimbo inayolala digrii 20 kila upande ina mwendo wa digrii 40, kwa hiyo kila hatua ni takriban digrii 0.04, ambayo tayari ni ndogo kuliko mtikisiko wa mkono wa binadamu. Biti 14 hutoa hatua 16,384. Hiyo ni nzuri, sikatai, lakini kama kiungo cha fimbo, pale chini inapopindia, kimelegea kiasi cha digrii moja katikati, basi ulegevu huo peke yake humeza hatua zaidi ya 400 na tarakimu yako yote inabaki kuwa pambo.

Ndiyo maana mimi hutazama kiungo na springi kabla ya kihisi. Jostiki nyingi nafuu zina springi moja kubwa iliyoizunguka fimbo, inayokandamiza sahani kuelekea chini. Ukiwa katikati sahani imekaa bapa, na ili fimbo ianze kulala inabidi kwanza uishinde nguvu yote ya springi. Inapokubali, inaruka na kupita pale ulipokusudia. Rubani anayejaribu kusahihisha mwelekeo kidogo akikaribia kutua huishia kusahihisha kupita kiasi, kushoto, kulia, tena kushoto, na wengi hujilaumu kwamba hawajui kurusha. Muundo ulio bora huweka springi ya kila mhimili peke yake, ikisukuma roda ndogo juu ya kipande cha chuma au plastiki ngumu kilichochongwa mteremko, ili nguvu ipande polepole tangu katikati. Kampuni za VKB na Virpil zimejijengea jina kwa miundo ya aina hii, na katika baadhi ya vifaa vyao unaweza kubadilisha springi na hata kile kipande chenye mteremko. VKB Gladiator NXT ndiyo ninayoitaja kwanza kwa mtu mwenye bajeti ya kati, kwa sababu inampa muundo huo bila kumlazimisha kununua kitako na mshikio kila kimoja peke yake kwa bei ya juu.

Ukipata nafasi ya kuishika jostiki kabla ya kulipa, fanya hivi. Iunganishe na kompyuta yenye Windows, andika joy.cpl kwenye sehemu ya kutafutia, na ufungue dirisha la kujaribia ambamo alama ya msalaba hufuata mwendo wa fimbo. Kisha ishike kwa vidole viwili na ujaribu kuchora duara dogo sana kuzunguka katikati, kama ukubwa wa shilingi. Fimbo nzuri itachora duara. Fimbo mbovu itachora mraba wenye pembe zilizokatika, kwa kuwa kila unapovuka mstari wa katikati hukwama kwanza ndipo iruke. Baada ya hapo isukume hadi mwisho, iachie ijirudie yenyewe, na uangalie msalaba unasimama wapi; rudia kutoka pande zote nne. Ukisimama mahali tofauti kila mara, hakuna programu itakayokufariji.

Nasema hivyo kwa sababu watu hukimbilia kwenye mipangilio. DCS World, X-Plane na Microsoft Flight Simulator zote hukuruhusu kupanua eneo la katikati ambamo mwendo wa fimbo hupuuzwa, na kupinda mstari wa mwitikio ili ndege iitikie taratibu karibu na katikati. Eneo la kupuuzwa likiwa dogo huficha mtikisiko wa kihisi. Likiwa kubwa huongeza ule mruko niliousema. Na mstari uliopindwa hautoi kitu bure, kwani upole unaoupata katikati unalipwa pembeni, ambako ndege huwa kali ghafla hasa pale unapovuta fimbo kwa nguvu katika kona. Ninapokabidhiwa jostiki mpya huanza na mstari ulionyooka bila eneo la kupuuzwa, nikarusha hivyo kwanza, na kuongeza kidogo tu panapokuwa na sababu.

Suluhisho la kweli la upole ni urefu. Mkono ukiwa sentimita 15 juu ya kiungo, digrii 20 za mlalo ni mwendo wa takriban sentimita 5 wa kiganja. Ukiongeza bomba la sentimita 20 katikati ya kitako na mshikio, digrii zilezile zinakuwa sentimita 12. Kila digrii imepata nafasi zaidi ya mara mbili na hujagusa programu yoyote. Ndege za zamani kama Spitfire, ambazo fimbo yake husimama kati ya magoti, huwa kitu tofauti kabisa zikirushwa hivi. Sharti ni kwamba springi ziwe na nguvu ya kulibeba bomba hilo na kitako kifungwe kwa boliti chini ya kiwango cha kiti, kazi ambayo fundi yeyote wa kuchomelea vyuma anaweza kuifanya ukimchorea vipimo.

Baada ya fimbo, pesa iende wapi? Inategemea tena ndege. Ndege ya propela inayoruka kwa nguvu zote hutaka kuelekeza pua kushoto, kama injini yake inazunguka kwa mwendo wa saa ukiitazama kutoka kiti cha rubani, na mguu wa kulia ndio unaoizuia. Kwa Cessna, kwa ndege za Vita Kuu ya Pili na kwa helikopta, pedali ni lazima. Kuzungusha fimbo badala ya pedali kunatosha kwa kuanzia, ila kiganja kikizunguka huvuta na mwendo wa pembeni bila kukusudia. Mpenzi wa Airbus, ambaye hukanyaga pedali zaidi akiwa kwenye njia ya kurukia au panapokuwa na upepo wa ubavuni, atanufaika kwanza na mkono wa nguvu ya injini wenye vituo vinavyosikika mkononi. Na ukinunua pedali kumbuka kwamba kiti chenye magurudumu kitarudi nyuma kila unapozikanyaga. Mkanda wa kufungia mizigo kutoka mguu wa kiti hadi fremu ya pedali unamaliza tatizo.

Kuna fimbo zenye mota ndani, kama Microsoft SideWinder Force Feedback 2 ya zamani na Moza AB9 ya siku hizi, zinazoufanya mkono uhisi uzito wa hewa. Faida yake kubwa iko kwenye trimu, yaani kirekebishi kinachoiwezesha ndege kushika mkao wake bila rubani kuendelea kuvuta au kusukuma: katika Cessna halisi, trimu huhamisha mahali ambapo usukani hautaki nguvu, jambo ambalo fimbo ya springi haiwezi kuliiga kwa kuwa daima hurudi palepale. Ni ghali na ni nzito, na kwa Airbus sioni haja yake, kwani hata fimbo ya A320 halisi ni ya springi tu.

Uzito huo uwe sehemu ya hesabu ya mnunuzi wa kwetu. HOTAS Warthog kamili inazidi kilo 6, na mzigo wa ndege hulipiwa kwa kilo kabla ya ushuru na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18. Kwa hiyo iliyotumika ambayo imeshafika nchini inaweza kuwa na thamani kuliko mpya, mradi ipite jaribio la duara. Kagua pia mahali waya unapoingia kwenye kitako: ukunje huku na huku wakati dirisha la kujaribia liko wazi, na kama kifaa kinapotea na kurudi, waya umekatika ndani na bei ishuke. Ukifika nyumbani chomeka kila kifaa moja kwa moja kwenye kompyuta, au kwenye kigawanyio cha USB chenye umeme wake mwenyewe, kisha usikibadilishie tundu, kwa kuwa baadhi ya programu zitakiona kama kifaa kipya na kukusahaulishia mipangilio yote.