Sauti ile ilikuwa ya David Cassidy mwenyewe

Wapo wanaoamini hadi leo kwamba David Cassidy, kipenzi cha vijana wa Marekani katika The Partridge Family (1970–1974), tamthilia ya televisheni kuhusu familia yenye bendi, alikuwa sura tu, na kwamba aliyeimba ni mtu mwingine. Si kweli, na dai hilo linamnyima haki yake.

Waliofuatisha midomo tu ni karibu waigizaji wenzake wote. Kwenye rekodi, katika waigizaji wote, waliosikika ni wawili: yeye na Shirley Jones, mama yake wa kambo. Ala zilipigwa na wanamuziki wa studio, Hal Blaine akiwa kwenye ngoma, na waitikiaji walikuwa wa kukodiwa.

Kinachoweza kumchanganya msikilizaji ni utepe wa kurekodia. Katika baadhi ya rekodi za mwanzo mtayarishaji Wes Farrell aliuongeza kasi. Utepe ukizunguka haraka kuliko ulivyorekodiwa, sauti hupanda na kuwa nyembamba, hivyo kijana wa miaka 20 akasikika kama mvulana.

Mwaka 1993 Cassidy aliimba Broadway, kwenye kumbi za maonyesho za New York, katika igizo la muziki Blood Brothers pamoja na ndugu yake Shaun, mbele ya watazamaji, moja kwa moja.