Je, mtoto anayewahi kutembea huchelewa kusema?

Mtoto anapoanza kusimama dede kabla ya kutimiza mwaka, mara nyingi hakosekani mkubwa wa kumwambia mama yake asitarajie maneno mapema, kwa kuwa miguu imeutangulia ulimi. Hoja yenyewe husikika ya busara: nguvu za mtoto zina kiasi, na zikielekezwa kwenye kutembea, kusema kutasubiri zamu yake. Ushindani huo haujaonekana katika tafiti nyingi zilizofuatilia mambo haya mawili kwa pamoja. Pale watafiti walipoona uhusiano, mara nyingi ulikuwa wa kinyume, yaani maneno huongezeka mtoto anapoanza kutembea.

Imani hii inastahili kusahihishwa kwa uzito kwa sababu ina madhara. Mtoto aliyetembea akiwa na miezi tisa, kisha akafika miaka miwili bila kutamka neno lolote, huenda hasikii vizuri, na usikivu unaweza kupimwa hata kwa kichanga wa siku chache. Mzazi aliyekwisha kuambiwa kwamba miguu ndiyo iliyouchelewesha ulimi haoni sababu ya kumpeleka kliniki, na hivyo hupotea miezi ambayo msaada ungemfaa mtoto zaidi.

Tena, umri wa kuanza kutembea hautegemei mwili peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika vipimo lilivyovitoa mwaka 2006 baada ya kufuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, lilionyesha kwamba watoto wenye afya huanza kutembea bila kushikwa wakati wowote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu hivi. Malezi nayo huusogeza wakati huo. Charles Super, aliyefanya utafiti katika jamii ya Wakipsigis wa Kokwet nchini Kenya, alieleza mwaka 1976 kwamba watoto wa huko waliketi na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya wenzao wa Marekani, kwa kuwa wazazi waliwafundisha mambo hayo kwa makusudi. Katika yale ambayo hawakufundishwa, kama kujigeuza wakiwa wamelala, hawakuwatangulia. Ni vigumu kusema kwamba mwezi huo ulikopwa kutoka kwenye ulimi.

Mwaka 2014 Eric Walle na Joseph Campos wa Marekani waliripoti kwamba watoto waliokwisha kuanza kutembea walielewa na kusema maneno mengi kuliko wenzao wa umri uleule waliokuwa bado wakitambaa. Utafiti uliofuata uliwahusisha watoto wa China, ambao walianza kutembea wiki sita hivi baada ya wale wa Marekani, na tofauti ileile ikaonekana. Hilo ndilo linalonivutia zaidi: maneno yalifuatana na kutembea kwenyewe, wala si na idadi ya miezi.

Miguu inauathirije ulimi? Jibu linaloshawishi zaidi limo mikononi. Anayetambaa anavihitaji viganja vyake sakafuni, lakini aliyesimama anaweza kubeba. Lana Karasik, Catherine Tamis-LeMonda na Karen Adolph waliwatazama watoto wa miezi 13 wakiwa na mama zao, wakaona kwamba wanaotambaa aghalabu walikionyesha kitu wakiwa palepale walipokaa, ilhali wanaotembea walikichukua na kukipeleka hadi kwa mama. Majibu ya mama yalitofautiana vilevile. Mtoto aliyekuja na kitu mkononi aliambiwa afanye jambo nacho: akifungue, akisukume, akirudishe. Hata wanaotambaa, katika zile mara chache walipojikokota na kitu hadi kwa mama, waliambiwa maneno ya namna hiyo, na kwa hiyo kilichobadilisha usemi wa mama ni tendo la kuleta.

Fikiria mteja anayemwambia mwenye duka "nipe ile" akiwa ng'ambo ya barabara. Mwenye duka atakisia, au ataitikia tu na kuendelea na shughuli zake. Mteja huyo akifika mezani na pakiti tupu mkononi, ataelezwa jina la bidhaa, ukubwa wake na bei. Ndivyo ilivyo kwa mtoto anayeikokota kandambili hadi kwa mama yake na kuambiwa, "Hiyo ni kandambili ya babu, mpelekee." Katika maneno hayo machache mna jina la kitu, mwenye kitu na la kufanya, na yote yanasemwa wakati macho na vidole vya mtoto viko juu ya kitu chenyewe, kwa hiyo hana haja ya kubahatisha ni kipi kinachotajwa. Nafasi za namna hii ni nyingi mno. Adolph na wenzake walikadiria mwaka 2012 kwamba watoto wa miezi 12 hadi 19 wanapocheza kwa hiari yao hupiga wastani wa hatua 2,368 kwa saa moja, huku wakianguka mara 17.

Hata hivyo, ushahidi huu haujakamilika. Utafiti wa mwaka 2019 uliofuatilia watoto 44 wa Marekani tangu miezi 6 hadi 18 haukuona kwamba wanaotembea walikuwa na maneno mengi kuliko wanaotambaa. Walioongoza kwa maneno ni wale waliokwisha kuanza kuonyesha vitu kwa kidole. Kwa maoni yangu matokeo hayo hayaubomoi ufafanuzi wa kubeba na kuleta, kwa kuwa kidole nacho huwafanya mtoto na mkubwa wake watazame kitu kimoja, ila yanatuzuia kudai kwamba kutembea ni sharti la kusema. Mwaka 2002 Sieratzki na Woll waliandika juu ya watoto wenye ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, ambao hawakuwa wamewahi kutembea, na lugha yao haikuwa imebaki nyuma. Huenda ni kwa sababu mtoto asiyeweza kukifuata kitu hulazimika kukiomba, na kila anapokiomba, mtu mzima humletea huku akikitaja.