Je, wajua kwa nini New York haimalizi reli yake ya chini ya Second Avenue?

Tarehe 27 Oktoba 1904 wakazi wa New York walipanda kwa mara ya kwanza treni ya chini ya ardhi ya mji wao, kwa nauli ya senti 5. Stesheni zilikuwa 28, kuanzia City Hall hadi mtaa wa 145, na kazi ilikuwa imeanza Machi 1900. Chini ya miaka mitano, basi, enzi za sululu, baruti na mikokoteni ya farasi.

Mwaka 1929 mji huohuo ulitangaza mpango wa reli nyingine ya chini ya ardhi upande wa mashariki wa Manhattan, chini ya barabara ya Second Avenue. Kipande chake cha kwanza kilifunguliwa tarehe 1 Januari 2017. Stesheni mpya tatu tu, kwenye mitaa ya 72, 86 na 96, zenye njia isiyofika kilomita 3, kwa gharama ya karibu dola bilioni 4.5.

Ndiyo maana kila New York inapotangaza reli mpya, mjadala huwa ni uleule: je, inawezekana kweli? Wapo wanaosema mwamba wa Manhattan ni mgumu mno, wapo wanaosema mji umejaa mabomba na nyaya hadi hakuna pa kupita, na wapo wanaosema fedha hazipo. Kila dai lina chembe ya ukweli. Lakini ukifuata hesabu za mradi wenyewe utaona kwamba mwamba ndio shida ndogo kuliko zote.

Mkataba wa kuchimba mahandaki ya awamu ile ya kwanza, kazi ambayo wengi wetu tungedhani ndiyo ghali kuliko zote, haukufika dola milioni 500. Mashine ya kuchimba ilianza kazi mwaka 2010, na kulikuwa na mahali ambapo udongo laini ulibidi ugandishwe kwanza ili mashine ipite salama. Hata hivyo handaki lilikamilika. Fedha zilimezwa na stesheni.

Treni za New York zinazopita njia hiyo zinahitaji jukwaa la mita 187 hivi. Shimo la stesheni ya mtaa wa 72 lina urefu wa karibu mita 400, na la mtaa wa 96 linakaribia mita 500. Nafasi yote hiyo ya ziada ni ya nini? Sehemu yake haikwepeki: mitambo ya kuvuta moshi na kupitisha hewa, vyumba vya umeme, mahali pa treni kubadili njia. Lakini sehemu nyingine ni ukumbi mrefu wa abiria uliojengwa juu ya jukwaa, pamoja na vyumba vya wafanyakazi, kwa sababu kila idara ilidai vyumba vyake na haikutaka kuchangia na nyingine. Kila mita ya shimo inalipuliwa, mawe yanatolewa, kuta zinamwagiwa zege, kisha inawekwa umeme na hewa. Chumba ambacho kwenye mchoro kinaonekana kidogo huko chini kinageuka mamilioni ya dola.

Watafiti wa mradi wa gharama za usafiri wa umma katika Chuo Kikuu cha New York walichapisha mwaka 2023 ripoti iliyolinganisha ujenzi huu na miradi ya nchi nyingine. Jambo moja walilolionyesha lingepaswa kufunga mdomo hoja ya kwamba Marekani ni ghali kwa sababu tu mishahara yake ni mikubwa. Kaskazini-mashariki mwa Marekani, gharama za wafanyakazi hula kati ya asilimia 40 na 60 ya fedha za ujenzi wenyewe. Uturuki, Italia na Sweden ni kati ya asilimia 19 na 30. Sweden si nchi ya vibarua wa bei rahisi. Tofauti kubwa iko kwenye idadi ya watu wanaowekwa kwenye kazi moja. Gazeti la New York Times liliandika mwaka 2017 kwamba kwenye mradi mwingine wa mji huo, wa kuingiza treni za Long Island chini ya stesheni ya Grand Central, mhasibu alikuta watu 900 wakilipwa kwa kazi iliyohitaji 700, kila mmoja kwa takriban dola 1,000 kwa siku. Mradi huo ulifunguliwa Januari 2023 baada ya kumeza dola bilioni 11 hivi.

Kuna pia suala la washauri elekezi. Mamlaka inayoendesha treni hizo, MTA, iliacha kazi nyingi za usanifu na usimamizi mikononi mwa kampuni za nje, huku wahandisi wake wa ndani wa kuzisimamia wakiwa wachache. Mwajiri asiyekuwa na mtu wake wa kuusoma mchoro hana uwezo wa kusema "hapa mmezidisha". Kwangu mimi hili ndilo kosa baya kuliko yote, kwa sababu linazaa mengine.

Je, njia ya 1904 haiwezi kurudiwa? Wakati ule walifukua barabara, wakajenga boksi la chuma na zege karibu na uso wa ardhi, kisha wakafukia. Ni rahisi, na abiria hashuki ngazi nyingi. Leo wakazi na wenye maduka hawataki barabara yao ifukuliwe miaka kadhaa, na hofu yao ina msingi. Kwa ajili yao, stesheni za mitaa ya 72 na 86 zilichimbwa kama mapango ndani ya mwamba. Lakini wakazi wa Second Avenue waliishi na uzio, vumbi na milipuko kwa miaka mingi hata hivyo, na biashara zikafungwa.

Madrid, kwa kulinganisha, ilifungua Aprili 2003 njia ya Metrosur, kilomita 40 na stesheni 28, baada ya miaka michache tu ya ujenzi. Ni kweli vitongoji vya kusini mwa Madrid si Manhattan. Lakini tofauti ya ardhi haiwezi kueleza pengo kubwa namna hiyo.

Mpaka hapa nimezungumzia bei. Kwa watu wa East Harlem, eneo la kaskazini-mashariki mwa Manhattan ambalo reli hii bado haijalifikia, jambo hili lina uchungu mwingine. Zamani upande wa mashariki wa Manhattan ulikuwa na reli mbili za juu, zilizopita kwenye nguzo katikati ya barabara. Ile ya Second Avenue ilifungwa kati ya 1940 na 1942, na ile ya Third Avenue ikafungwa Manhattan mwaka 1955. Zilikuwa na kelele na zilitia giza mitaani, na watu walikubali ziondoke kwa kuwa walikuwa wameahidiwa mbadala chini ya ardhi. Ahadi ni deni, na deni hili liliahirishwa mara kwa mara. Mwaka 1951 wapiga kura waliidhinisha hatifungani za dola milioni 500, wengi wakiamini ni za reli hiyo, lakini fedha zikatumika kukarabati njia za zamani. Tarehe 27 Oktoba 1972 gavana Nelson Rockefeller na meya John Lindsay walizindua ujenzi kwenye mtaa wa 103. Mwaka 1975 mji ulikaribia kufilisika, kazi ikasimama, na vipande vya handaki vikaachwa chini ya ardhi bila reli. Kwa miongo yote hiyo upande huo wa mji ulitegemea njia moja ya chini ya ardhi, ile ya Lexington Avenue, ambayo kabla ya 2017 ilikuwa ikibeba watu wapatao milioni 1.3 kwa siku.

Wanaopinga upanuzi wana hoja nzito na inafaa isikilizwe. Sehemu kubwa ya mfumo bado inaendeshwa kwa mitambo ya ishara ya miongo mingi iliyopita. Ukiweka ishara za kisasa, treni zinaweza kufuatana kwa karibu zaidi kwenye handaki lililopo, bila kuchimba hata mita moja. Njia ya L ilitangulia, na ya 7 ikakamilishwa mwaka 2018. Halafu kuna lifti. Mwaka 2022 MTA ilikubali katika kesi mahakamani kuhakikisha asilimia 95 ya stesheni zinafikika kwa watu wenye ulemavu ifikapo 2055. Mtu wa kiti cha magurudumu anayeambiwa asubiri hadi 2055 ana haki ya kuuliza kwa nini mabilioni yaende kwenye stesheni tatu.

Kuna pendekezo jingine linalonivutia zaidi, linaloitwa Interborough Express. Lilitangazwa mwaka 2022 na gavana Kathy Hochul. Ni njia ya kilomita 22 kutoka Bay Ridge, Brooklyn, hadi Jackson Heights, Queens, ikipita kwenye reli ya mizigo ambayo tayari ipo. Makadirio ya gharama ni dola bilioni 5.5. Itawafaa watu ambao leo wakitaka kwenda mtaa wa jirani hulazimika kuzunguka kupitia Manhattan.

Awamu ya pili ya Second Avenue, kutoka mtaa wa 96 hadi wa 125, inakadiriwa kugharimu takriban dola bilioni 7 kwa stesheni tatu. Serikali kuu iliahidi dola bilioni 3.4 mwaka 2023. Sehemu nyingine ilitegemea tozo ya magari yanayoingia kusini mwa mtaa wa 60, na hapo utaona jinsi siasa inavyozuia reli kuliko mwamba. Juni 2024 gavana alisimamisha tozo hiyo wiki chache kabla ya kuanza, na MTA ikasitisha kazi za awali za awamu ya pili. Tozo ilianza Januari 2025 kwa dola 9 kwa gari dogo. Oktoba mwaka huohuo serikali kuu ikatangaza kuzuia fedha zake.

Hata hivyo kuna dalili kwamba somo la awamu ya kwanza limeanza kueleweka. MTA imepunguza ukubwa wa vyumba vya ndani vya stesheni, na handaki lililochimbwa miaka ya 1970 kati ya mitaa ya 110 na 120 litatumika badala ya kuchimba jipya. Kwa jumla, inasema imeokoa zaidi ya dola bilioni 1. Agosti 2025 iliidhinisha mkataba wa uchimbaji wa karibu dola bilioni 2.

Jambo la kuamuliwa sasa ni kama mashine ikifika mtaa wa 125 izimwe na kutolewa, au iendelee moja kwa moja kuelekea magharibi hadi barabara ya Broadway, kama alivyopendekeza Hochul mwaka 2024. Mimi ningeiacha iendelee. Wafanyakazi watakuwa wapo, mitambo itakuwa chini tayari, na mji huu umekwisha kuona gharama ya kufunga kazi ya handaki na kuianza upya zaidi ya miaka thelathini baadaye.