Kusahau paswadi ya root sio kupoteza data, acheni kufuta MySQL

MySQL ni programu ya kutunza databesi, na root ni akaunti yake yenye mamlaka yote. Jumamosi usiku simu tena. "Kaka samahani kwa usumbufu, paswadi ya root imepotea, jamaa aliyekuwa nayo kaacha kazi, nimeshaiondoa MySQL naiweka upya." Umeiondoaje? Kwa purge, amri inayoiondoa programu pamoja na mipangilio yake. Ilipokuuliza ifute na databesi ulijibu nini? Kimya. Alijibu ndiyo. Bakapu ya mwisho ni ya miezi miwili nyuma, mauzo yote ya duka tangu hapo yameenda.

Jamani, nimechoka. Paswadi haijafunga data! Data ni mafaili tu, yako /var/lib/mysql, na hashi ya paswadi (paswadi iliyovurugwa isisomeke) imo humo humo kwenye jedwali la mysql.user. Kwahiyo ukiiondoa MySQL ukaacha hayo mafaili, ukiiweka tena paswadi ya zamani inakusubiri pale pale, na ukiyafuta umefuta kila kitu cha mteja ili tu uondoe mstari mmoja wa paswadi.

Anza na amri ya sudo mysql, yaani kuingia kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine. Kwenye MariaDB (ndugu wa MySQL) kuanzia toleo 10.4, na MySQL ya Ubuntu, root ambaye hajabadilishwa anaingia kwa soketi (njia ya ndani ya mashine, inayomtambua mtumiaji wa mfumo), haulizwi paswadi kabisa, wengi wanaonipigia tunamalizana hapo.

Ikigoma, kila mtu atakwambia skip-grant-tables, yaani kuwasha seva bila kukagua ruhusa. Inafanya kazi ndiyo, ila muda wote huo hakuna anayeulizwa paswadi, toleo la MySQL 8.0 angalau linazima mtandao lenyewe, 5.7 halizimi, yeyote anayefika poti 3306 (mlango wa MySQL kwenye mtandao) anaingia kama root. Mimi siipendi. Natumia init-file, faili la amri ambazo seva inazitekeleza inapowaka: la mstari mmoja,

ALTER USER 'root'@'localhost' IDENTIFIED BY 'paswadi_mpya';

liweke /var/lib/mysql-files maana kwingine AppArmor ya Ubuntu (mlinzi anayezuia programu kugusa mafaili) inaweza kulikataa hata kama ruhusa ziko sawa, mtumiaji wa mfumo aitwaye mysql aweze kulisoma, litaje kwa mstari wa init-file kwenye my.cnf (faili la mipangilio ya MySQL) chini ya [mysqld], washa upya seva. Ukishaingia, toa huo mstari wa my.cnf na ufute faili la amri, paswadi imeandikwa wazi mle. Na root@localhost (wa mashine yenyewe) na root@'%' (wa kutoka mashine yoyote) ni akaunti mbili, usishangae moja ikabaki na paswadi ya zamani.

Nikiri kitu. Njia hii haigusi data, najua, lakini bado nazima seva nakopi folda zima kwanza, kila mara, moyo haukubali.

Yule ndugu na wenzake wanaingiza mauzo upya kwa mkono kutoka vitabu vya risiti. Wamefika wiki ya pili.