Nzi Wadogo wa Zabibu na Kumbukumbu ya Harufu

Zabibu zikianza kuchumwa Hombolo, nzi wadogo wenye macho mekundu hawakosi kwenye makreti. Nafundisha baiolojia hapa Dodoma, na kila msimu wanafunzi wangu huja na maneno yaleyale waliyoyasikia shambani na nyumbani.

“Ndio hao wanaotuharibia maembe.”
Sio hao. Anayetoboa embe likiwa bado mtini na kutaga mayai ndani yake ni nzi wa familia nyingine, mkubwa zaidi. Huyu mdogo, Drosophila melanogaster, hufuata hasa tunda lililokwisha kupasuka na kuanza kuchacha. Kinachomwita ni harufu ya hamira na siki, ndiyo maana hujaa kwenye mapipa ya mvinyo.

“Anavutwa tu na harufu, hajifunzi kitu.”
Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu tangu 1974 tuna ushahidi wa kinyume. Mwaka huo William Quinn, William Harris na Seymour Benzer walionyesha Marekani kwamba nzi hawa hujifunza kukwepa harufu. Jaribio linalotumika sana siku hizi ni hili: kundi la nzi hupulizwa harufu moja huku wakipigwa shoti ndogo ya umeme, kisha harufu ya pili bila shoti. Baadaye huwekwa njia panda, harufu moja kila upande. Wengi hukimbilia ile isiyo na shoti. Ili mtu asiseme kwamba harufu ya kwanza wanaichukia tangu kuzaliwa, kundi jingine hufanyiwa kinyume chake. Sukari nayo hufunza: nzi mwenye njaa huifuata harufu aliyoipata pamoja na sukari.

Kazi hiyo hufanyika kwenye sehemu za ubongo ziitwazo miili ya uyoga, kwa jinsi zilivyo kama uyoga. Kila upande una takriban niuroni (seli za neva) 2,000, na harufu moja huamsha chache tu kati ya hizo. Shoti au sukari ikija, niuroni nyingine hutoa dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe, nayo hubadilisha nguvu ya viungio (mahali niuroni moja inapopokezana ujumbe na nyingine) vya zile chache zilizoamka. Harufu inabaki ileile, ila sasa inamwambia nzi kimbia au njoo.

“Ubongo mdogo hivyo utaweka nini?”
Ramani kamili ya ubongo wa nzi jike mzima, iliyochapishwa 2024, ina karibu niuroni 140,000 na viungio takriban milioni 50.

“Ukirudia mfululizo bila kupumzika ndiyo utakumbuka.”
Wanafunzi wangu huamini hili kila mtihani unapokaribia. Nzi waliofunzwa mara 10 mfululizo husahau ndani ya siku chache. Waliofunzwa mara hizohizo 10, wakipumzishwa dakika 15 kati ya funzo na funzo, hukumbuka kwa wiki nzima. Tofauti ni kwamba kumbukumbu ya hawa wa pili hutegemea protini mpya zinazotengenezwa baada ya mafunzo. Utengenezaji huo ukizuiwa kwa dawa, kumbukumbu hiyo ya muda mrefu haijengeki. Ndiyo maana darasani kwangu somo moja nalirudia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.