Mbunifu wa samani ni nani, na kwa nini wengi wao wanafundisha?

Mwezi wa nane mwaka jana, usiku wa manane, kitu kililia pa! sebuleni kwetu. Mke wangu akadhani ni wezi. Nikawasha tochi ya simu, nikakuta meza ya kulia tuliyonunua mwezi wa pili imepasuka toka ncha moja hadi nyingine. Ufa wenyewe ungepitisha kadi ya mpiga kura. Mbao zilikuwa nzuri, vanishi inang'aa, misumari haionekani. Aliyeitengeneza ana mkono, hilo simnyimi. Kilichokosekana ni kazi ya mtu ambaye hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, hatujazoea kumtaja kwa jina lake: mbunifu wa samani.

Samani ni neno la redioni na vitabuni. Mtaani kwetu ni meble, na ukienda Tanzania utasikia fanicha. Seremala kwetu ni menizie. Mbunifu ndiye anayeleta utata, maana wengi wakisikia "kubuni" wanafikiria kutunga jambo ambalo macho hayajaliona, basi wanamdhania ni mtu wa kuchora viti vya ajabu ambavyo hakuna anayeweza kuvikalia. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipozoea kukaa kwenye atelie, yaani karakana, ya mwalimu mmoja wa fani hiyo, kule mtaa wa Katuba.

Mbunifu wa samani ni yule anayeamua kabla msumeno haujaanza kulia. Anaamua kitu kiwe na urefu gani na mbao ipi itumike. Anaamua nyuzi za mbao zielekee wapi, na kipande kipi kikamate kipi. Lakini swali lake la kwanza, ambalo mengine yote yanalifuata, ni hili: nani atakaa hapo? Menizie naye anaweza kuwa mbunifu. Wako wengi Katuba na Kenya (mtaa wa mji wetu, si nchi) wanaoyaamua hayo yote kichwani, bila karatasi, na wanayaamua vizuri. Ila anayeitwa mbunifu anatakiwa aweze kutoa sababu ya kila uamuzi, kwa mchoro au kwa mdomo, ili mtu mwingine atengeneze kitu kilekile bila yeye kuwepo.

Turudi kwenye meza yetu. Mbao huendelea kunywa na kutoa unyevu miaka mingi baada ya mti kuangushwa. Kwa urefu wake haibadiliki kitu cha kuonekana, lakini kwa upana inavimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa ukavu. Na Lubumbashi ni mji wa majira mawili yasiyofanana kabisa: kuanzia Novemba hadi Machi maji yanashuka, kisha toka Mei mpaka Septemba hata tone hakuna, hewa inakauka hadi midomo inapasuka. Meza ilitengenezwa katikati ya mvua, uso wake ukagandishwa kwa gundi na misumari kwenye fremu iliyopita kukingama nyuzi. Ukavu ulipofika, uso ukataka kunywea, fremu ikaukatalia. Mmoja lazima ashindwe.

Dawa yake inajulikana siku nyingi. Uso wa meza haugandishwi. Unashikwa kwa skrubu zilizopita kwenye matundu marefu kidogo, au kwa vipande vidogo vya mbao vyenye ulimi unaoteleza ndani ya mfereji, ili ubao upate pa kwenda. Ni kazi ya nusu saa. Na kabla ya hapo mbao ingekauka kwanza: mafundi wa nchi nyingi huhesabu mwaka mmoja kivulini kwa kila milimita 25 za unene. Nani hapa anangoja mwaka? Mteja ameshatoa avansi, yaani malipo ya awali, na watoto wa fundi wanataka kula leo.

Hapo ndipo ualimu unapoingia. Mteja analipa kitanda. Halipi vitanda vitatu vilivyoharibika kabla fundi hajapata kile kimoja kinachosimama sawasawa, wala halipi mwaka wa mbao kulala kivulini. Anayetaka kufikiri anahitaji mahali pengine pa kuegemea, na kwa zaidi ya miaka 100 sasa mahali hapo, mara nyingi, pamekuwa shule. Mshahara, siku unapofika, unashika nyumba. Atelie ya shule ina mashine ambazo mtu peke yake hawezi kununua. Na wanafunzi wanauliza maswali ambayo mteja hawezi kuuliza.

Angalia Denmark. Mwaka 1924, mbunifu Kaare Klint alianza kufundisha samani kwenye akademia ya kifalme ya sanaa mjini Copenhagen. Hakuwafundisha wanafunzi mtindo. Aliwapimisha mwili wa binadamu na vyombo vya nyumbani, ili kabati lifuate ukubwa wa sahani na si kinyume chake. Ujerumani, Marcel Breuer aliingia shule ya Bauhaus akiwa mwanafunzi, na mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 23 tu, akapewa kuongoza atelie ya samani ya shule hiyohiyo. Mwaka huo akabuni kiti cha mabomba ya chuma, na wazo alilitoa kwenye usukani wa baiskeli yake. Nikiona baiskeli za makala, yaani makaa ya kupikia, zinavyoingia mjini asubuhi, magunia yamerundikwa juu na bomba jembamba halipindi, naelewa kijana yule aliona nini.

Wawili ninaowapenda zaidi walipishana mlangoni. Tage Frid, fundi wa Denmark, alikwenda Marekani mwaka 1948 kufundisha, na baadaye shule aliyofundisha ikahamia mji wa Rochester. Yeye alikuwa mtu wa viungo: kwanza ujue kipande kinaingiaje ndani ya kingine, umbo litakuja lenyewe. Mwaka 1962 akaenda kufundisha Rhode Island, na mwaka huohuo Wendell Castle akaanza kufundisha Rochester. Huyu alitoka kwenye uchongaji. Alikuwa anagandisha mbao tabaka juu ya tabaka hadi zinakuwa kama gogo, halafu analichonga kiti kama mtu anayechonga sanamu, wala viungo huvioni. Somo ni lilelile, mji ni uleule, na majibu hayafanani hata kidogo. Frid mwenyewe, mwaka 1982, alitoa kigoda cha miguu mitatu alichokipatia wazo siku alipokaa juu ya mti wa uzio akitazama mashindano ya farasi. Alikuwa amefundisha zaidi ya miaka 30.

Mwalimu wa Katuba anapofika hapo darasani hufunga vitabu vya Wazungu na kuuliza: na sisi? Maana ugomvi huo wa gogo na kiungo tulikuwa nao hapahapa. Waluba walikuwa na kipona, kigoda cha wafalme na machifu, kinachochongwa kwenye gogo moja, mara nyingi mwanamke amebeba uso wa kigoda kwa kichwa na ncha za vidole. Hakuna kiungo, hakuna gundi. Wachokwe, kwa upande wa Dilolo na ng'ambo ya mpaka huko Angola, waliona viti vya Wareno vyenye egemeo na fito kati ya miguu, wakachukua muundo. Lakini kwenye zile fito, ambazo kwa Mreno zilikuwa za kushikilia miguu tu, wakachonga watu: wenye ngoma, wenye mizigo, wazazi na watoto. Kiti cha kigeni kikageuka kitabu cha kijiji. Huko sasa ndiko kubuni. Hawakuiga umbo peke yake, walijiuliza zile fito zinaweza kubeba nini zaidi.

Nani atakaa hapo? Kwenye kipona jibu linashangaza wanafunzi kila mwaka. Mara nyingi, hakuna. Vipona vya heshima vilifungwa kitambaa cheupe na kuwekwa kijiji kingine chini ya mlinzi, vikatolewa kwa nadra. Kiti kilikuwa cha mamlaka na cha mizimu kabla hakijawa cha makalio. Mbunifu asiyejua hilo atakipima kwa mita, atasema ni kifupi mno, na atakuwa amekosea kila kitu isipokuwa sentimita.

Njia ya kuifikia kazi hii hapa kwetu ni ndefu na ina mashimo. Ufundi wa mbao wenyewe una historia mjini: mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, Wasalesiani, wamisionari Wakatoliki, wakafika 1911, na useremala ukawa kati ya kazi walizofundisha vijana. Hadi leo mtoto anaweza kusoma sehemu ya ufundi kwenye sekondari, akafanya mtihani wa Serikali, kisha akaingia atelie ya mtu kufagia maranda mwaka mzima kabla hajaruhusiwa kushika randa. Ubunifu ni hatua nyingine. Sanaa iliyoupa mji huu jina ni uchoraji, toka atelie ya Romain-Desfossés iliyofunguliwa mwaka 1946, ambako walitoka akina Pilipili na Mwenze. Kiti hakijawahi kupata heshima hiyo.

Anayeingia chuoni anaanza kama asistanti: anasahihisha michoro, anahesabu patasi jioni, anashika funguo. Baadaye ni shefu wa travo, cheo kati ya asistanti na profesa, halafu labda profesa. Kikwazo, kama mwalimu wangu anavyolalamika akiwa na kikombe cha chai mkononi, ni kwamba kupanda cheo kunahesabu makala zilizochapishwa. Kiti alichokifanyia kazi miaka miwili hakina kurasa. Ndiyo maana wengi wanakuwa na maisha mawili, asubuhi ubao wa chaki, alasiri atelie ya nyumbani, na mara nyingi ile ya alasiri ndiyo inayolipa karo za watoto.

Mbao nayo ni darasa. Mulombwa na mukula, ndugu wawili wa msitu wa miombo, wana rangi na ugumu ambao mteja anautaka. Lakini mukula uliwindwa sana miaka ya 2010, malori yakielekea Zambia na bandarini kwa ajili ya soko la China, hadi mwaka 2019 ukaingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambako biashara yake nje ya nchi inahitaji kibali. Mwanafunzi anayechora meza nzima ya mukula anaulizwa: na ukikosa? Basi anajifunza kuchora uso wa mti wa kupandwa na kuacha mbao nyekundu sehemu inayoguswa na mkono tu.

Somo ninalolipenda halina hata msumeno. Wanafunzi wanasimama wawili wawili, mmoja anavua viatu na kukaa, mwenzake anapima kwa mita toka sakafuni hadi nyuma ya goti. Namba zinaandikwa ubaoni. Mfupi na mrefu wa darasa moja wanaweza kuachana karibu sentimita 10. Halafu mwalimu anauliza: benchi la kanisa liwe la nani? Wote wanajibu tuchukue katikati. Anakataa. Kiti kikiwa juu mno, mfupi ananing'iniza miguu, ukingo unambana chini ya paja, na ibada haijafika mahubiri miguu imekufa ganzi. Kikiwa chini kidogo, mrefu anakunja magoti au anayanyosha mbele, maisha yanaendelea. Kwa hiyo benchi la watu wote linaegemea upande wa wafupi. Niliwaona wanafunzi wakiandika hilo kwa haraka, kama kanuni.

Wiki ileile mama mmoja akaja ateliani na simu mkononi. Kwenye kioo kulikuwa na salon ya Dubai, yaani seti ya viti vya sebuleni, viti vya chini, virefu kwenda nyuma, laini kama mkate.

"Papa, unifanyie sawa hii ya mu foto."

Hiyo ndiyo sentensi inayosikika zaidi kwenye atelie zote za mji huu. Foto haisemi ndani kuna nini wala kiti kina kina gani. Mwalimu hakubisha. Aliitazama vizuri, akairudisha.

"Sasa, nani atakuwa anaikala pale?"

"Ni mama mukwe. Anakuya kukaa kwetu. Magoti inamuuma."

Mwalimu akaniangalia, akawaangalia wale wanafunzi wawili waliokuwa wanapiga msasa, wale walioandika kanuni. Mtu wa magoti mabovu hainuki kwenye kiti cha chini. Anahitaji kiti kilichopanda, sentimita 48 au hata 50, kisichozama, chenye mikono imara ya kusukumia, na nafasi ya kurudisha visigino nyuma chini yake. Kanuni ya juzi imepinduka miguu juu. Akachukua kiti cha mbao, akaweka ubao mmoja juu yake, akamwomba yule mama akae na ainuke bila kushika. Akaongeza ubao wa pili. Akamwambia aende nyumbani apime kiti ambacho mkwe wake anakichagua mwenyewe akiingia jikoni, arudi na namba.

Mama alisita mlangoni, simu bado inawaka.

"Lakini itafanana na foto?"

"Rangi itabakia ileile, mama."